Ombi la Raia na Jibu la Serikali

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee, Gitothua



Katika kurasa za taarifa hii mtasoma hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka. Ni kazi njema, na twawashukuru wote walioitenda. Lakini yako mambo ambayo sanduku la chama, hata likijaa hadi juu, haliwezi kuyanunua. Chama chaweza kumsitiri aliyefiwa, na chaweza kumwongezea mtoto karo. Hakiwezi kutengeneza barabara, wala kutandaza mabomba ya maji machafu, wala kupunguza ada za soko. Hayo yamo mikononi mwa Serikali, iwe ya Kaunti au ya Taifa. Mojawapo ya njia za kuifikia Serikali, nayo ni halali na ya tangu zamani, ni ombi lililoandikwa na kutiwa sahihi na watu. Wazee wa pwani waliliita arzihali. Juu ya jambo hilo ndipo tunapotaka kusema leo.

Yatupasa tulifikirie kwa sababu mahali petu pamebadilika. Gitothua ni wadi mojawapo kati ya wadi 8 za eneo bunge la Ruiru. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliukuta mji wa Ruiru una watu 238,858. Hesabu ya mwaka 2019 iliwakuta watu 490,120. Katika muda wa miaka 10 mji uliongezeka zaidi ya mara mbili. Palipokuwa na mibuni pana nyumba za kupangisha, na watu wa makabila mengi wanateka maji pamoja na kupita njia moja. Mji ukikua hivi, maamuzi hufanywa upesi: wapi pajengwe, nani atozwe, fedha ziende wapi. Maamuzi hayo hayangoji mtu aliyenyamaza.

Vijana wetu wana swali, na si haki kulikwepa. Wanatuuliza, "Wazee, kuandika barua kumefaa nini?" Nao wana ushahidi wao. Mwezi wa Juni 2024 walitoka barabarani katika miji mingi ya nchi kuupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 Juni watu walipoteza maisha, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Kijana aliyeyaona hayo husema kwamba barabara ilitenda kwa siku mbili yale ambayo karatasi haikuyatenda. Basi tumjibu kwa heshima, na tuanze na yaliyowapata babu zetu, maana nao waliuliza swali lilo hilo.

Mwaka 1921 walowezi waliazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Wakati huo watu walibebeshwa kipande shingoni, na kodi ya kibanda ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16. Huku kwetu, ambako mashamba ya walowezi ya kahawa na katani yaliizunguka Ruiru na Thika, hapakuwa na kibarua asiyeguswa na mambo hayo matatu. Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui katika Kiambu hii yetu, aliitisha mkutano Nairobi mwezi wa Julai 1921, na malalamiko ya watu yakapelekwa London kwa simu ya maandishi. Tarehe 14 Machi 1922 Thuku alikamatwa. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi ukidai afunguliwe. Risasi zikapigwa. Watu zaidi ya 20 waliuawa, akiwamo Mary Muthoni Nyanjiru, ambaye jina lake halijasahauliwa. Thuku alihamishiwa Kismayu, na akakaa uhamishoni miaka mingi. Baada ya machafuko yale kodi ilishushwa kutoka shilingi 16 hadi 12.

Kwa hiyo tusimwambie kijana kwamba barabara haina nguvu, historia itatukanusha. Tumwambie lililo kweli zaidi. Kilio cha wengi chaweza kuizuia sheria mbaya kwa siku moja, na pengine kwa damu. Lakini hakiwezi peke yake kuiweka iliyo njema mahali pake. Mswada wa Fedha huja kila mwaka. Kaunti nayo hutunga sheria yake ya fedha. Makisio ya matumizi hupitishwa kila mwezi wa Juni. Asiyekuwa na la kuomba huamuliwa na wengine.

Tazameni waliyoyafanya waliobaki baada ya mwaka 1922. Mwaka 1924 chama cha Kikuyu Central Association kilianzishwa. Februari 1929 kilimtuma katibu wake, Johnstone Kenyatta, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kwa jina la Jomo Kenyatta, kwenda Uingereza na ombi la watu. Ombi lile halikuwa kilio cha jumla. Lilitaja mambo kwa majina yake: watu wawe na uhakika wa ardhi yao, wanawake waondolewe kodi ya kibanda, elimu iongezwe, na Waafrika wapate wajumbe wao wenyewe katika Baraza la Kutunga Sheria.

Je, walipewa? Hawakupewa papo hapo. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia katika Baraza lile mwaka 1944, tena kwa kuteuliwa na Gavana. Ulikuwa umepita muda wa miaka 15 tangu safari ya Kenyatta. Mnamo Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao 8 kwa kura kwa mara ya kwanza, na hapo ilikuwa imepita miaka 28. Kati ya miaka hiyo chama chenyewe kilipigwa marufuku, mwaka 1940. Ombi moja lilipita mikono ya watu wengi kabla ya kujibiwa, na baadhi ya walioliandika hawakuishi kuliona jibu.

Jirani zetu wa Ukambani nao wana fundisho lao. Mwaka 1938 Serikali ilikuwa ikiwapunguzia ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya chini. Watu zaidi ya 1,000, waume kwa wake, wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi kumtaka Gavana awasikilize. Walikaa huko wiki kadhaa wasiondoke. Muindi alihamishiwa Lamu, lakini Serikali iliacha kuuza mifugo kwa nguvu. Hawa walishinda kwa sababu neno lao lilikuwa moja, lilieleweka na kila mtu, nao hawakurudi nyumbani kabla ya kujibiwa.

Sasa tuje katika siku zetu. Babu zetu waliomba bila ya sheria inayomlazimu mtawala kuwasikiliza. Sisi sheria tunayo. Kifungu cha 37 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na pia haki ya kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Zingatieni, ndugu zetu, kwamba maandamano na maombi yamewekwa katika kifungu kimoja, kama ndugu wawili wa tumbo moja. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge sheria, liirekebishe au liifute. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inatoa haki kama hiyo mbele ya Bunge la Kaunti, na inaagiza kwamba maombi ya raia yajibiwe bila kukawia.

Tuwe waangalifu hapo. Sheria imemlazimu mwenye mamlaka kujibu, haikumlazimu kukubali. Anayedhani kwamba kila ombi ni lazima likubaliwe atavunjika moyo mwaka wa kwanza. Lakini jibu lenyewe ni mali. Jibu la "hapana" lililoandikwa na kutiwa sahihi laweza kupelekwa mbele, hata mahakamani. Kunyamaziwa ndiko kunakowapoteza watu.

Mfano mkubwa ulitoka katika kaunti yetu hii ya Kiambu. Mwaka 2013 Kaunti ilitunga sheria ya fedha iliyoweka ada na ushuru juu ya mambo mengi. Wakazi waliona kwamba hawakuulizwa, wakaenda Mahakama Kuu. Tarehe 17 Aprili 2014 Jaji George Odunga aliifuta sheria ile kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alieleza kwamba haitoshi kutupa tangazo na kuwaachia wanaotaka walitafute wenyewe. Yapasa watu wafuatwe pale wanapokutana: makanisani, misikitini, mahekaluni, katika mabaraza, na kwa redio, pamoja na zile zinazotangaza kwa lugha za wenyeji. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliitupa rufaa ya Kaunti. Tangu hapo hukumu ya Kiambu imekuwa ikitajwa katika mahakama za nchi nzima kila inapobishaniwa haki ya raia kuulizwa.

Fikirini maana yake. Wananchi wa Kiambu, wala si matajiri wa dunia, wamewapatia Wakenya wote kipimo cha kuwapimia wakubwa. Lakini haki hiyo ina upande wa pili. Kaunti ikija barazani na kutuuliza, nasi tusiende, hatutakuwa na la kuiambia mahakama. Ikitangazwa kanisani kwamba maoni yanatakiwa, nasi tukasema "watakwenda wengine," basi tumeshirikishwa na tumejinyima wenyewe.

Kwa hiyo twapenda kueleza kwa maneno mepesi jinsi ombi linavyofanywa likafaa. Kuna mambo manne.

La kwanza ni kuujua mlango. Katiba, katika Jedwali lake la Nne, imegawa kazi. Barabara za kaunti, zahanati na vituo vya afya, masoko, taa za njiani, uzoaji wa taka, huduma za maji na maji machafu, na shule za chekechea ni kazi ya Kaunti. Barabara kuu za taifa, polisi, na shule za msingi na za sekondari ni kazi ya Serikali ya Taifa. Tuseme watoto wanahitaji kivuko juu ya barabara kuu ya Thika: ukimpelekea ombi hilo mwakilishi wa wadi peke yake, umebisha nyumba ya jirani. Tuseme njia ya mtaani haipitiki wakati wa masika: ukimwandikia Waziri Nairobi, barua itazunguka hadi masika mengine. Maombi mengi hufa bila kukataliwa na mtu, kwa kuwa yalibisha mlango usio wake.

La pili ni kujua wakati. Fedha za Kaunti zina msimu kama mahindi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mwelekeo wa fedha hupelekwa kabla ya mwisho wa Februari. Makisio yenyewe hupelekwa kabla ya mwisho wa Aprili, na hupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni. Atakayeomba barabara mwezi wa Julai amepanda wakati wenzake wanavuna. Ombi la jambo litakalogharimu fedha yafaa liwe limeandikwa mwezi wa Agosti, kabla mpango haujafungwa, kisha likumbushwe Februari na Aprili.

Wazee wetu wajue pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka katika kila kaunti jukwaa la kushauriana juu ya bajeti na uchumi. Sheria hiyo inataja watakaowakilishwa humo, na pamoja na wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu na watu wa dini, imewataja wazee. Kiti hicho si hisani ya mtu. Ni haki iliyoandikwa.

La tatu ni kuandika kwa usahihi. Sheria ya mwaka 2012 juu ya maombi kwa Bunge inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kwa mkono au kwa mashine. Kwa hiyo asijizuie mtu kwa kukosa Kiingereza. Inataka lugha ya adabu, isiyo na matusi. Inataka tuseme kama tumekwisha kujaribu kwa ofisi inayohusika, na tulijibiwaje. Inataka tuseme kama shauri hilo liko mahakamani. Inataka ombi limalizike kwa kutaja waziwazi jambo linaloombwa. Kila anayeomba aandike jina lake, anwani na nambari ya kitambulisho, na atie sahihi. Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole mbele ya shahidi. Ombi hupelekwa kwa Karani wa Bunge, ambaye ana siku 7 za kulikagua kama limetimiza masharti.

Hapa tunawasihi wanachama wakumbuke kiama cha wazee wetu. Mwenye shauri hakuja mbele ya wazee na kusema tu, "Nimeonewa." Alisema ni nani, ni lini, ni mpaka upi, na anataka arudishiwe nini. Ombi lisemalo "tunaomba maendeleo" halina jibu, kwa sababu halikuuliza kitu. Ombi lisemalo "tunaomba njia fulani, kutoka mahali fulani hadi mahali fulani, itiwe changarawe na mitaro katika mwaka wa fedha ujao" ni lazima lijibiwe kwa ndiyo au kwa hapana. Na kama twahitaji kujua kwanza fedha za mwaka uliopita zilikwenda wapi, iko Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayoitaka ofisi ya umma imjibu raia katika muda usiozidi siku 21.

La nne, nalo ndilo gumu, ni kufuata. Karatasi haina miguu. Ombi likipokelewa lipigwe mhuri, na nakala ibaki kwetu. Tarehe iandikwe. Mwezi ukipita, mtu aende akaulize. Kamati ikiita watu, watu waende. Jibu likija lisomwe mbele ya wote, liwe tamu au chungu. Mwombaji aliye peke yake huchoka, huhama, huugua, hufa. Chama hakifi kwa kifo cha mtu mmoja. Huo ndio uwezo tulio nao ambao mtu mmoja hana, na ndio uliolibeba ombi la mwaka 1929 hadi mwaka 1957. Kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hiyo Waswahili wanayo na Wakikuyu wanayo, maana wote waliishi na kuliona.

Pana hatari mbili ambazo yapasa tuzitaje kabla hatujamaliza. Ya kwanza ni sahihi za uongo. Mtu mmoja asiwatilie sahihi majirani 20 kwa kuona kwamba wangekubali. Siku sahihi moja itakapokanushwa, zote zitatiliwa shaka, na neno la kweli litakataliwa kwa ajili ya karatasi ya uongo. Ya pili ni ombi kufanywa ngazi ya mwanasiasa. Yeyote atakayelipeleka, awe wa chama hiki cha siasa au kile, ombi libaki la waliolitia sahihi. Wapangaji walitie pamoja na wenye nyumba; waliohamia jana walitie pamoja na waliozaliwa hapa. Bomba la maji machafu likipasuka halimwulizi mtu alikotoka.

Basi, Bwana Mwenyekiti, twaleta mbele ya mkutano huu shauri moja. Twaomba chama kiwe na Daftari la Maombi. Ndani yake kila ombi liandikwe: limeomba nini, limepelekwa mlango gani, siku gani, limejibiwa nini. Wachaguliwe watu watatu wa kulitunza: mzee mmoja, mama mmoja, na kijana mmoja. Daftari hilo lisomwe kila mwaka katika mkutano huu, pamoja na hesabu za fedha, na ukurasa wake uchapishwe katika taarifa. Katika mwaka ujao tuchague ombi moja la Kaunti na moja la Serikali ya Taifa, mawili tu, tuyaandike kabla ya Septemba, na tuyafuate hadi mwisho.

Twaomba hasa yule kijana awe ndiye mwandishi. Atakapouliza tena kuandika kumefaa nini, asijibiwe kwa hotuba. Afunguliwe daftari asome. Akikuta ombi lililokubaliwa, atajua. Akikuta lililokataliwa, ataona ni nani aliyelikataa, kwa sababu gani, na siku gani, naye atajua pa kuanzia.